Mjadala: Je, kuongeza mifuko ya kampuni za kati na ndogo ni kutawanya hatari au ni kuweka dau?

Mleta mada

Upo ushauri unaorudiwa mno kwa wawekezaji wapya, kwamba mtu agawe fedha zake mafungu matatu yaliyo sawa, moja liende kwenye mfuko wa fahirisi (unaonunua hisa zote za orodha fulani ya kampuni) ya kampuni kubwa, la pili kwenye mfuko wa kampuni za kati na la tatu kwenye mfuko wa kampuni ndogo, kisha atulie akiamini kwamba ametawanya hatari. Naupinga ushauri huo, na ninawaomba wanaouunga mkono wanijibu kwa hoja.

Nachukua mfano wa soko la Marekani, ambalo fahirisi zake hufuatwa na mifuko mingi mno. S&P 500, yaani fahirisi ya kampuni kubwa zipatazo 500, peke yake hubeba takriban asilimia 80 ya thamani ya soko hilo. Ukiiongezea S&P MidCap 400 (ya kampuni za kati) na S&P SmallCap 600 (ya kampuni ndogo) unafikia takriban asilimia 90. Kampuni hizo 1000 za nyongeza, basi, zina kama sehemu moja ya kumi ya thamani ya soko, lakini mwenye mafungu matatu sawa amezipa theluthi mbili za fedha zake. Mtu huyo hakulinunua soko lilivyo. Ameweka dau kubwa kwamba wanunuzi wengine wote wamezithamini kampuni ndogo na za kati chini ya stahili yake, na kinachonisumbua ni kwamba wengi wa wanaofanya hivyo hawajui kuwa wameweka dau lolote.

Kuna na gharama isiyoonekana kwenye ada. Kampuni ndogo inapokua na kuhamishiwa fahirisi ya juu, mfuko wa kampuni ndogo hulazimika kuiuza na mfuko wa kampuni za kati hulazimika kuinunua, hivyo mwenye mifuko yote miwili hulipia pande zote mbili za biashara ambayo haikumbadilishia chochote. Mfuko mmoja wa soko zima hauna haja ya kuigusa hisa hiyo.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, hesabu yako siipingi, ila historia umeiruka. Mwaka 2000, hata gawio likijumlishwa, S&P 500 ilishuka kwa takriban asilimia 9, ilhali MidCap 400 ilipanda kwa zaidi ya asilimia 17. Aliyeishika S&P 500 tangu mwanzo wa 2000 hadi mwisho wa 2009 alimaliza miaka kumi akiwa na fedha pungufu kuliko alizoanza nazo, wakati aliyeshika kampuni za kati na ndogo alipata faida. Miaka kumi si kitu kidogo katika umri wa mtu kuweka akiba.

Ukifuata uzito wa soko, yaani kugawa fedha kulingana na thamani ya kila kampuni sokoni, kampuni chache zikipanda bei kupita kiasi unajikuta umezishika kwa wingi zaidi wakati zikiwa ghali zaidi, na ndivyo ilivyokuwa kwa kampuni za teknolojia kabla ya anguko la 2000. Isitoshe, tangu mwaka 1981 mtafiti wa masuala ya fedha Rolf Banz alionyesha kwamba hisa za kampuni ndogo za Marekani zilikuwa zimelipa zaidi ya kiwango ambacho hatari yake ingeeleza. Kwa nini basi tuliite dau, kana kwamba halina msingi?

Mchangiaji wa pili

Naongeza jambo moja tu, nalo ni kwamba neno «kampuni ndogo» halina maana moja. S&P SmallCap 600 haipokei kampuni mpaka iwe imeonyesha faida; Russell 2000, fahirisi ya kampuni ndogo ya mtungaji mwingine, haina sharti hilo, kwa hiyo hubeba kampuni nyingi zinazopata hasara. Tena anayechanganya fahirisi za watungaji wawili huweza kushika hisa ileile mara mbili. Kampuni ya Super Micro Computer iliingia S&P 500 mwezi Machi 2024 na ikaendelea kuwamo katika Russell 2000 hadi orodha yake iliporekebishwa mwezi Juni.

Mleta mada

Nawashukuru wote wawili. Hoja ya pili naikubali kikamilifu, na ningependa kila anayegawa fedha zake aisome kabla ya kununua.

Kuhusu ya kwanza, muongo ule ulikuwa mgumu kweli kwa wenye S&P 500. Lakini tuutazame pia mwaka 2008, ambao wengi walihitaji ulinzi kuliko wakati mwingine wowote: S&P 500 ilipoteza asilimia 37, MidCap 400 takriban 36 na SmallCap 600 takriban 31. Zote zilianguka pamoja, kwa sababu zote ni hisa za uchumi uleule. Anayetaka kupunguza maumivu ya mwaka kama huo atafute hatifungani (mikopo kwa serikali au kampuni inayolipwa kwa riba), asitegemee ukubwa wa kampuni. Na hilo alilolionyesha Banz limekuwa dhaifu na la kubadilikabadilika katika miaka iliyofuata, hadi watafiti wanabishana kama bado lipo.

Nalegeza msimamo mahali pamoja. Wapo ambao mpango wao wa pensheni hauna mfuko wa soko zima. Hao wachukue mfuko wa S&P 500 na mfuko wa kampuni zilizobaki nje yake, kwa uwiano wa takriban nne kwa moja, nao watakuwa wamelikaribia soko lilivyo. Anayetaka kuzidisha hapo, alau aandike kiwango chake leo na miaka atakayokivumilia.

Mchangiaji wa kwanza

Kuandika kiwango nimekwisha kuandika: robo ya fedha zangu za hisa iko SmallCap 600, kwa miaka ishirini, na kila Januari narudisha uwiano hata kama mfuko huo ndio ulioshuka. Ukiliita dau, sitakataa jina hilo tena, ila bado naliona la haki.