Miwani ya VR kwa mafunzo ya upasuaji wa matundu: tunakosea wapi?

Thieta_Tudor:
Salaam aleikum wakuu. Kituo chetu hapa Mombasa kina seti mbili za miwani ya VR (uhalisia pepe) aina ya Quest 3 na programu ya kutoa kifuko cha nyongo kwa njia ya matundu. Wanafunzi ni madaktari wa mwaka wa kwanza na wa pili wa upasuaji. Shida ni tatu. Lenzi zinaingia ukungu, baadhi yao wanashikwa na kichefuchefu, na wakipewa vyuma halisi mikono haijui kitu, ilhali programu inawapa alama 90 na zaidi. Turekebishe nini?

DaktariMvita:
Aleikum salaam daktari. Hilo la tatu ndilo zito, na wanafunzi hawana kosa. Kidhibiti cha VR kinatetemeka tu, hakiuzuii mkono. Picha inatosha ikibadilika mara 90 kwa sekunde, lakini ili mtu ahisi ukinzani wa nyama, mtambo lazima upeleke nguvu mkononi takriban mara 1000 kwa sekunde, tena kwa mota. Mota hizo hazimo kwenye kidhibiti cha plastiki. Halafu kuna egemeo: chuma kikipita kwenye trokari, yaani mrija unaopenya ukuta wa tumbo, ukipeleka mpini kushoto ncha inakwenda kulia, ukiushusha ncha inapanda. Kidhibiti kinachoelea hewani hakina ukuta wa tumbo wa kukigeuza hivyo.

Kwa hiyo miwani itumieni kufundisha mpangilio wa kazi: trokari ipi inaingia wapi, nani anashika nini, kilele cha kifuko kinasukumwa kuelekea bega la kulia, shingo yake inavutwa nje na chini ili pembe ifunguke. Kisha mlazimisheni mwanafunzi asimame kabla ya klipu ya kwanza, kibanio cha kufungia mrija, ataje kwa sauti masharti matatu ya daktari mpasuaji Strasberg ya 1995: pembetatu iliyo kati ya mrija wa kifuko, mrija wa ini na ini lenyewe imesafishwa mafuta na nyuzinyuzi, theluthi ya chini ya kifuko imebanduliwa kwenye ini, na ni vitu viwili tu, mrija wake na ateri yake, vinavyoingia kwenye kifuko. Asiyeweza kuonyesha yote matatu hakati. Hapo ndipo mrija mkuu wa nyongo unapookolewa au kuharibiwa.

Hizo alama 90 angalieni zinapimwa na nini. Ikiwa muda ndio wenye uzito mkubwa, mwenye pupa atamshinda mwangalifu.

Na wauzaji wakiwatajia utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wa 2002, ulizeni ulitumia mtambo gani. Ni kweli waliofunzwa kwa VR walibandua kifuko kwa kasi zaidi, asilimia 29, na makosa yakapungua sana. Lakini ule ulikuwa MIST-VR: kompyuta, skrini ya kawaida na mipini ya vyuma iliyofungwa kwenye fremu. Hakuna aliyevaa miwani.

Fundi_Makupa:
Ukungu ni mambo ya AC. Miwani ikilala kwenye chumba cha baridi, lenzi zinapoa. Mtu akiivaa, joto na jasho la uso vinageuka umande. Msimu wa kaskazi ndio balaa. Iwasheni dakika 15 kabla ya kazi ili ipate joto lake, na msielekeze AC usoni mwa anayefanya zoezi. Tumieni kifuniko cha silikoni, kipanguswe kila mtu akitoka. Lenzi ni kitambaa kikavu cha miwani pekee, spiriti ya thieta isiziguse. Na msiiache dirishani: jua likipita kwenye lenzi linaunguza skrini.

Ili mikono izoee vyuma halisi, sanduku la mazoezi mnaweza kuunda wenyewe: boksi la plastiki lenye mfuniko, taa ya LED, kamera ya USB, matundu mawili yenye mpira mzito unaobana chuma. Kamera iunganishwe kwa waya. Simu inayorusha picha kwa Wi-Fi inachelewa, na mkono unajifunza kusubiri picha, tabia mbaya kuiondoa baadaye.

Sista_Mafunzo:
Viwango vya sanduku vipo tayari, msibuni vyenu. Kuhamisha vipande sita kutoka kigingi hadi kigingi, mkono kwa mkono, kwenda na kurudi: sekunde 48, bila kudondosha kitu nje ya uwanja. Kukata duara kwenye shashi: sekunde 98, mkato usitoke mstarini zaidi ya milimita 2. Kushona na kufunga fundo ndani ya sanduku: sekunde 112. Afikie kiwango mara mbili mfululizo; kwa vigingi na kushona, kisha mara kumi zaidi, si lazima zifuatane. Saa alizokaa mazoezini hazina maana. Nyuzi za kushonea zilizopita muda zinafaa kwa zoezi, mradi zifungiwe mbali na stoo ya thieta.

Thieta_Tudor:
Shukran sana. Na kichefuchefu?

Fundi_Makupa:
Zimeni kutembea ndani ya programu kwa kijiti cha kidhibiti. Jicho likiona mwendo ambao sikio la ndani halikuuhisi, tumbo linapinduka. Kila mtu arekebishe umbali kati ya lenzi mbili kwa gurudumu, kwa Quest 3 ni milimita 58 hadi 71. Dakika 15, apumzike. Akianza kutoka jasho baridi avue papo hapo, asijikaze, na siku hiyo asipewe zamu ya kushika kamera thieta.

DaktariMvita:
Naongeza moja: miwani asubuhi, sanduku siku hiyohiyo mchana, kwa hatua ileile.