Mrejesho: Baba aliyegeuka manjano macho

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini baba amegeuka manjano macho na tumbo kujaa maji, wakati pombe hajawahi kugusa. Kipimo cha kinyama kutoka kwenye ini kimeonyesha melanoma, saratani ya ngozi. Ilianzia kwenye lile doa jeusi la unyayoni lenye kingo zilizochongoka, ikasambaa hadi ini likashindwa kazi. Mwishoni sumu ambayo ini lilishindwa kuichuja ilimpanda kichwani, akawa ananiita kwa jina la marehemu mdogo wake. Tumemzika Jumamosi.

Sisi weusi hutupata zaidi nyayoni, viganjani na chini ya kucha, hata pasipopigwa jua. Bob Marley aliyefariki 1981, yake ilianzia kidoleni mguuni. Wakagueni wazee nyayo, tafadhali.

Aliyeuliza kuhusu kupandikiza ini: daktari alisema saratani ikishasambaa hivyo, hawapandikizi.