Tupeane uzoefu: vitabu vya watoto kuhusu wadudu, mvua na misimu, kwa sisi wa Dodoma

Mama wa Nkuhungu:
Mbukwenyi wapendwa. Jambo hili ninalo moyoni tangu Aprili, leo nalileta kwenu.

Mwanangu yuko darasa la kwanza. Shangazi yake alimletea kitabu cha wadudu, karatasi ngumu, picha zimekolea rangi. Kinasema Aprili ardhi inapata joto na wadudu wanaamka. Mtoto akakiamini kama anavyomwamini mwalimu wake. Aprili ilipofika nikamkuta jioni amechuchumaa kando ya kichuguu nyuma ya nyumba, kitabu kiko mapajani, anasubiri. Kichuguu hicho kilishatoa kumbikumbi wake Desemba, mvua ya kwanza ilipopiga tu. Aprili hapa kwetu mvua ndiyo inaaga na mtama unakomaa. Akaniuliza, "Mama, mbona hawaamki?"

Kitabu hakijasema uongo. Kimeandikwa Uingereza, na huko Aprili ndivyo ilivyo. Lakini hata vya kwetu vinanipa shida. Mtoto anafundishwa kwamba mvua ni za vuli na masika, basi. Hiyo ni kweli kwa Dar, Tanga na Arusha. Sisi wa Dodoma, pamoja na Singida na Tabora, tuna mvua za msimu, mara moja kwa mwaka, Novemba hadi Aprili, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hututolea utabiri wetu peke yake. Kwa hiyo mtoto wa hapa anakariri misimu ambayo hajawahi kuiona akichungulia dirishani.

Nilinunua kaunta buku. Kila mwezi una kurasa zake: yeye anachora, mimi naandika anachosema, neno siongezi. Julai: "Asubuhi nimevaa sweta, sisimizi hawajatoka." Septemba: "Upepo umeleta vumbi mpaka kwenye chai." Ninyi wenzangu mnafanyaje?

Mwalimu wa awali, Chamwino:
Mama, umenigusa. Darasani kwangu vitabu vya hadithi ni vichache, watoto wanne watano wanainamia kimoja. Nikaanza kutengeneza kitabu kikubwa kwa mifuko ya saruji. Unabandua karatasi ya ndani iliyo safi, unaipasi, unashona kwa uzi wa katani, unachora kwa makapeni. Ukikisimamisha mbele, hata aliyekaa nyuma anaona.

Shida niliyokutana nayo ni neno lenyewe "mdudu". Kitabu cha sayansi kinasema mdudu ana miguu sita. Asubuhi moja mtoto akaja na jongoo kwenye kopo la mafuta ya kupaka, akamwaga mezani: "Mwalimu, huyu siyo mdudu?" Kwa Kiswahili cha nyumbani ni mdudu, hata nge na buibui ni wadudu, na sitaki mtoto aone lugha ya mama yake imekosea. Nikamwambia kuna wadudu wa nyumbani na kuna wadudu wa sayansi, tuhesabu miguu. Jongoo alishajikunja, tukasubiri kimya hadi alipojikunjua. Kila pingili ina jozi mbili, ukiacha zile chache za mbele. Watoto waliishia thelathini na kitu wakachoka. Kisha nikawaambia jambo lililowanyamazisha: jongoo wengi wakitoka kwenye yai wanakuwa na miguu sita tu, mingine inaongezeka kila wanapojivua ngozi. Ukurasa huo wa saruji umeshachakaa kwa kushikwa. (Mikono waoshe baada ya hapo. Majimaji yake yanawasha macho na yanaacha doa.)

Baba wa Ihumwa:
Mimi yangu ni fupi. Mwaka juzi tulikuwa tunasoma na binti yangu usiku, mlango wazi, mvua imekata muda si mrefu. Kumbikumbi wakavamia taa, wakadondokea kwenye kitabu. Mama yake akaleta beseni la maji akaliweka chini ya taa, kesho yake tukawakaanga kwa chumvi. Kitabu hicho bado tunacho. Ukurasa wa tisa una mbawa mbili zimebanwa, nyembamba kama karatasi ya sigara, na binti haruhusu mtu kuzitoa. Nilimweleza kwamba wale waliodondosha mbawa na kutembea wawili wawili wanatafuta pa kuchimba, wakipona ndio mfalme na malkia wa kichuguu kipya. Alilia kwa ajili ya wale wa kwenye kikaango.

Mjukuu wa Mpwapwa:
Kitabu changu kilikuwa babu. Alikuwa akitutembeza shambani Novemba, anatuonyesha mbuyu ukianza kutoa majani wakati udongo bado mkavu. Na mvua ikishanyesha, tulikimbilia kale kadudu kekundu kama mahameli, unakaweka kiganjani kanakunja miguu. Ana miguu minane, ni wa ukoo wa kupe na buibui. Sijawahi kumwona kwenye kitabu chochote cha watoto cha Kiswahili. Inaniuma, kwa sababu kwetu huyo ndiye mwaka mpya.

Mzazi wa Kisasa:
Naomba nitofautiane kidogo. Vitabu vya theluji, hivyo vya Ulaya, tusivitupe. Wangu nilimfundisha kwa chungwa na tochi: chungwa limeinama, upande mmoja unapata mwanga zaidi, ukizunguka meza unageuka upande wa pili. Akaelewa kwa nini Desemba sisi tunapanda na Ulaya wanaganda. Bila kile kitabu cha theluji asingeuliza.

Mama wa Bahi:
Ombi kwa mnaochora: nge msimchoree tabasamu. Wangu aliinua jiwe akamshika kwa sababu kitabuni nge alikuwa rafiki. Tulikesha hospitali. Mchoreni alivyo, mama nge amebeba watoto mgongoni, watoto wanapenda hivyo hivyo, na chini andikeni kwa herufi kubwa: TAZAMA, USIGUSE.

Mama wa Nkuhungu:
Pole sana mama wa Bahi, ukurasa wa nge naurekebisha leo. Mzazi wa Kisasa, la chungwa nalichukua, nimekubali. Kwa anayetafuta vya kuanzia, African Storybook wana hadithi za Kiswahili bure mtandaoni, leseni yao inaruhusu kuchapisha steshenari, na unaweza kutunga yako ukaiweka humo. Mwalimu, tukipiga picha kurasa zako za mifuko ya saruji tukaziunganisha na hii kaunta buku, tunakaribia kupata kitabu.

Mjukuu wa Mpwapwa, nimemsomea mwanangu habari za kadudu kekundu. Ameniachisha ukurasa mzima wa Desemba wazi, ameandika juu yake kwa penseli: "Hapa asikae mtu."