Achidyuki ni jina au ni cheo?

MamaCherehani
Hamjambo wenzangu. Mimi nashona hapa Lanet, Nakuru. Jioni kijana wangu wa kidato cha tatu hukaa kwenye benchi la wateja akisoma historia kwa sauti. Jana alifika Sarajevo 1914, "Achidyuki Franz Ferdinand". Mama mmoja aliyekuwa akingoja sketi akasema achidyuki ni kama askofu mkuu, mmoja tu juu ya wengine. Mwingine akashikilia kuwa ni jina la ukoo. Wamebishana hadi nikakata kitambaa upande usiofaa. Nani yuko sawa? Na watoto wake walirithi hicho cheo?

MwalimuMstaafu_Vihiga
Mama, wote wamekosa, ila wa ukoo amekosa kidogo. Kila mtoto wa kiume wa nyumba ya Habsburg, ukoo uliotawala Austria, akizaliwa katika ndoa iliyokubaliwa na wakubwa, alikuwa achidyuki tangu siku ya kwanza. Walikuwa wengi! Cheo chenyewe kilianza kwa ujanja. Mwaka 1356 walitajwa wakuu saba wenye haki ya kumchagua mfalme wa Ujerumani, na Habsburg hawakuwemo. Rudolf wa Nne wa Austria akaona aibu, akaghushi hati za kujipandisha. Mwaka 1453 Kaisari Friedrich wa Tatu, naye Habsburg vilevile, akazithibitisha. Darasa langu lilikuwa likifika hapo linacheka mpaka kengele.

Sasa watoto. Franz Ferdinand alimpenda Sophie Chotek, binti wa ukoo wa heshima kule Bohemia lakini si wa kifalme, tena mhudumu wa mke wa achidyuki mwingine. Husimuliwa kwamba Franz Ferdinand alisahau saa yake kwenye uwanja wa tenisi. Mama mwenye nyumba, yule mke wa achidyuki, akaifungua akitarajia picha ya binti yake, akakuta ya mhudumu. Kaisari Franz Joseph, baba yake mkubwa, alikubali ndoa kwa sharti. Tarehe 28 Juni 1900 Franz Ferdinand akaapa kwamba mke na watoto hawatarithi kiti. Watoto watatu hawakuwa maachidyuki, wakabaki na jina la Hohenberg. Na ni 28 Juni hiyohiyo, 1914, baba na mama walipopigwa risasi huko Sarajevo.

Sisi huku tunajua ugomvi wa kaburi. Sophie asingeruhusiwa kuzikwa Vienna pamoja na Wahabsburg, kwa hiyo mumewe alikuwa ameshajenga kaburi lao kwenye kasri lake la Artstetten. Hata walipolazwa kanisani Vienna, jeneza la mama liliwekwa chini kuliko la baba.

Dunga_Kisumu
Mwalimu, na Ziwa Turkana? Lilikuwa likiitwa Rudolf hadi 1975. Huyo naye achidyuki, mwana pekee wa Franz Joseph. Msafiri Teleki kutoka Hungaria alilipa jina lake 1888, utadhani Waturkana walikuwa hawajaliona! Mwaka uliofuata Rudolf akafa Mayerling, kulekule Austria, bila kuliona hata siku moja.

MamaCherehani
Jeneza chini? Ndugu zangu, hata maiti? Asanteni. Bado wako hao maachidyuki?

MwalimuMstaafu_Vihiga
Ukoo upo, mama. Cheo kilifutwa kisheria Austria mwaka 1919.

MamaCherehani
Sawa mwalimu. Yule wa sketi hajarudi kuichukua. Akija, kijana atamsomea hapahapa kwenye benchi kabla sijampa.