Bafu la mita 2.40 kwa 1.50, fundi kaniandikia boksi 20 za marumaru. Ni halali au lumbesa?

MamaViazi_Isyesye

Wakuu, habari za jioni. Huku Isyesye, Mbeya, mvua zimekata, baridi inapiga hodi, na nyumba yangu imefika kwenye bafu. Plasta imekauka, mabomba yameshapita ukutani. Bafu lenyewe dogo: urefu 2.40, upana 1.50, nimepima mwenyewe kwa futi kamba mara mbili. Mlango wa sentimita 80 uko kwenye ukuta mfupi, umebana kona, linta yake iko mita 2.10. Kadirisha ka 60 kwa 60 kako juu kwenye ukuta mrefu.

Jana fundi kanipa karatasi. Boksi 17 za ukutani, zile za 30 kwa 60, na boksi 3 za sakafuni za 30 kwa 30. Basi, hakuna kingine. Nikamuuliza kazipataje, akasema, "Mama, huu ni uzoefu."

Mimi nauza viazi, miaka kumi na moja niko na magunia. Mtu akiniambia gunia moja, kwanza natazama shingo yake, maana lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, naijua hata gizani. Na hii karatasi naiona ina shingo. Nyumba ya kwanza niliumia: zilibaki boksi sita, duka likakataa kuzipokea. Tatu ziko chini ya kitanda mpaka leo, nyingine zimekuwa ngazi ya banda la kuku.

Naomba mnifundishe hesabu yenyewe, msinitajie jibu tu. Nataka nikienda madukani Mwanjelwa niwe naongea kama mtu anayejua.

Kijana_wa_Tukuyu

Shikamoo mama. Hesabu rahisi. Jumlisha kuta zote nne: 2.40 + 2.40 + 1.50 + 1.50 = 7.80. Zidisha kwa kimo cha 2.10, unapata 16.38. Toa mlango (0.80 × 2.10 = 1.68), inabaki 14.70. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, 16.17. Boksi la 30 kwa 60 mara nyingi lina pisi 8, yaani mita za mraba 1.44. Gawanya: 11.2, kwa hiyo boksi 12.

Sakafu 2.40 × 1.50 = 3.60, na asilimia 10 ni 3.96. Boksi la 30 kwa 30 lenye pisi 17 ni 1.53. Boksi 3, hapo kasema kweli.

Kakupiga boksi 5. Fukuza huyo.

FundiKabwe

Dogo, usimfukuzishe mwenzio kazi kabla hujamsikia. Na hiyo hesabu yako si mbaya, ila ni ya darasani. Marumaru haimwagwi ukutani kama rangi, inakwenda kwa kozi, yaani mstari mmoja wa pisi juu ya mwingine. Mama, chukua daftari la shule lenye miraba, chora kila ukuta peke yake, halafu hesabu pisi.

Ukizilaza, kila kozi ina kimo cha sentimita 30. Mpaka 2.10 ni kozi 7.

Kuta ndefu: 2.40 ni pisi 4 kwa kozi. Kozi 7, kuta mbili, pisi 56. Dirisha usilitoe, maana yale mabega yake ya ndani yatakula hicho ulichodhani umeokoa.

Ukuta mfupi wa nyuma: pisi mbili na nusu. Nusu inayobaki inatumika kozi inayofuata, kwa hiyo kozi 7 ni pisi 18.

Ukuta wa mlango ndipo watu wanapoumia. Imebaki sentimita 70. Ukiweka pisi nzima na kijiti, yaani kipande chembamba cha sentimita 10, pisi moja inakatika vijiti vitano, kwa hiyo ni pisi 7 nzima na 2 za vijiti, jumla 9. Kijiti kisukumie kwenye kona. Kuna fundi atakwambia agawe 35 na 35 ili ipendeze. Inapendeza kweli, ila kila pisi inatoa kipande kimoja cha 35 na chenga ya 25. Utakula pisi 14 ukuta huohuo.

56 + 18 + 9 = 83. Boksi 12 zina pisi 96. Unabaki na 13 za kuvunjika na akiba. Nimefika palepale pa dogo, ila mimi naweza kukuonyesha kila pisi inakwenda wapi, na fundi wako akikosea kukata utajua amekosea wapi.

Vitu ambavyo karatasi yako haina, na ndivyo vitakavyokurudisha dukani kwa bodaboda: gundi ya marumaru, mfuko wa kilo 20 unafunika kama mita za mraba 4 hadi 5, weka mifuko 5. Grauti ya kujaza nafasi kati ya pisi, kilo 4. Misalaba ya plastiki ya kutenganishia. Saruji mifuko 2 na mchanga wa kutengenezea mteremko, maana toka mlangoni hadi tundu la maji machafu lazima sakafu ishuke sentimita 3 au 4. Hiyo ndiyo sababu sakafu ya bafu nakubali 30 kwa 30 na siyo 60 kwa 60. Pisi kubwa haikunji kufuata mteremko.

Uliza pia ni marumaru gani. Zile nyepesi za ukutani zinakunywa maji. Kama fundi anabandika kwa uji wa saruji, aziloweke kwanza, la sivyo zitanyonya maji ya saruji na kubanduka. Zile nzito za posileni hazinywi maji, uji wa saruji hauzishiki vizuri, hizo ni gundi tu.

Halafu kabla hajaweka hata pisi moja, fungueni maji kwenye mabomba yakae na presha siku nzima. Mimi nimewahi kubomoa ukuta uliokwisha kwa sababu ya kiungo kimoja kisichopakwa gundi. Sikulala.

Mnyalu_Ipogolo

Nyongeza ndogo toka Iringa. Dada, soma ubavuni mwa boksi, kuna namba ya shedi, yaani ya rangi ilivyotoka kiwandani. Boksi zote ziwe na namba moja. Mimi niliishiwa boksi moja, nikarudi baada ya wiki tatu, jina lilelile, picha ileile, lakini shedi nyingine. Mchana huoni. Usiku ukiwasha taa, ukuta una kiraka. Shemeji yako kila akioga ananikumbusha.

MamaViazi_Isyesye

Asanteni sana, ndaga fijo. Nimechora. Mwanangu wa darasa la sita kanisaidia miraba, tukapata 83 kama ulivyosema fundi, mimi na mtoto tukashangilia kama tumeshinda kesi.

Asubuhi nikampigia fundi wangu aje. Nikamwekea daftari mbele. Akalitazama kimya, akanyanyua kichwa, akauliza: "Mama, kwani unaishia kwenye linta?" Kumbe yeye kahesabu mpaka juu kwenye dari, mita 2.70, kozi 9. Boksi 15, akaongeza 2 za akiba. Hakuna aliyemwambia kimo, wala yeye hakuuliza. Nikamwomba radhi nusu. Ile nusu nyingine nimeibakiza kwa sababu ya "uzoefu".

Sasa kanipa wazo: ukuta wa nyuma peke yake, penye bomba la mvua, tupandishe mpaka dari. Itatosha kwenye boksi 12?

FundiKabwe

Kozi 2 zaidi kwa pisi mbili na nusu, ni pisi 5. Unafika 88, akiba inakuwa 8. Inabana lakini inatosha, kama mkono wake hautetemeki. Wazo lake zuri, hapo ndipo maji yanaporukia.

Na kwa baridi ya huko, mwambie asiharakishe grauti. Akimaliza kubandika leo, kesho asiguse, aanze keshokutwa. Mwezi wa sita gundi Mbeya inakauka kwa kuomba.

Kijana_wa_Tukuyu

Mama, naondoa neno langu la "fukuza".

MamaViazi_Isyesye

Narudi kutoa mrejesho, maana watu humu wanauliza halafu wanapotea.

Bafu limeisha. Nilinunua 12 na 3, nikazisoma namba za shedi moja moja hadi kijana wa duka akaniuliza kama mimi ni mkaguzi. Boksi moja ilikuwa na namba tofauti, nikairudisha palepale.

Pisi tatu zilivunjika. Moja ilipasuka wakati grinda inatoboa tundu la bomba, mbili niliziangusha mwenyewe nikijifanya nasaidia. Kitu ambacho daftari halikujua ni kwamba ukuta wangu wa nyuma umepinda: chini 1.50, juu 1.53. Kile kipande cha nusu juu hakikufika konani, ikabidi akate pisi mpya. Zimebaki pisi nzima tatu za ukutani na sita za sakafuni.

Za sakafuni zimeenda bandani kwa kuku. Hizo tatu nimezifunga kwenye kiroba, nimeandika namba ya shedi kwa kalamu ya wino, ziko chini ya kitanda pamoja na wenzao.