Kichwa cha treni ya mezani (HO) kinachechemea na kuzima reli zinapogawanyika, naombeni ushauri

Msafiri_Tbr:
Wakuu salaam. Najua humu wengi ni watu wa magari na simu, ila naamini hakosekani mtu wa treni ndogo. Niko Calgary, Kanada. Baridi ya huku haina utani, basi nimejijengea reli yangu chumba cha chini. Juzi nimenunua kwa mtu kichwa cha dizeli, GP9, skeli ya HO yaani 1:87. Ni cha zamani lakini rangi bado inang'aa; mwenyewe alikifungia kabatini miaka na miaka bila kukiendesha.

Kikienda taratibu kinachechemea, tik… tik… tik, kwa mpigo uleule. Ukiongeza umeme, mlio nao unakazana. Kikifika pale reli zinapogawanyika kinazima hadi nikisukume kwa kidole. Na kuna wakati gurudumu la mbele linapanda reli hapohapo na kutoka njiani. Natumia umeme wa kawaida wa DC, volti 12, mambo ya dijitali sina. Reli nimeshazifuta. Je, nifungue mota nibadilishe kaboni? Naomba kuwasilisha.

Fundi_Kopo:
Mkuu, pulizia yale mafuta ya kulegezea nati, halafu reli zipige msasa. Mchezo umeisha.

Binti_Ngamiani:
Weee, asithubutu! Msasa unaacha mikwaruzo, na uchafu mweusi unajaa humo humo, wiki ijayo hali ni mbaya kuliko leo. Hayo mafuta nayo yanaacha utando unaokamata vumbi. Chukua spiriti ya aisopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi, futa reli NA magurudumu. Watu wanasafisha reli wanasahau magurudumu, na ndiyo yanayobeba ule weusi kuzunguka nao njia nzima.

Kaka_Mpole:
Kumbe watu wazima mnacheza treni 😂 Nakaa hapa nisome.

Mzee_wa_Karakana:
Mleta uzi, mota iache kwanza. Una magonjwa mawili, na unayatafutia dawa moja.

Tuanze na kuzima. GP9 ina bogi mbili, yaani zile fremu za chini zinazobeba magurudumu, moja mbele moja nyuma, jumla magurudumu manane, na kwa modeli nyingi za aina hiyo yote manane yanachukua umeme. Pale reli mbili zinapokatana pana kipande cha plastiki kisicho na umeme, kifupi tu. Bogi moja ikiwa juu yake, nyingine inatakiwa iendelee kulisha mota. Sasa kama kinazima hapo, maana yake bogi moja haileti umeme, kichwa kinaishi kwa bogi moja. Pima hivi: weka kichwa kwenye reli iliyonyooka, washa umeme, ingiza kikaratasi chini ya magurudumu yote ya bogi ya mbele. Mota ikiendelea, bogi ya nyuma ni nzima. Toa, kiweke nyuma. Ikizima, mbovu ni ya mbele. Mara nyingi ni waya uliochomoka, au vile vibati vinavyogusa magurudumu vimeota kutu ya kijani.

Huo mlio ndio unaonivutia zaidi. Weka nukta ya chaki kwenye gurudumu moja, kigeuze kichwa chali juu ya sponji, gusisha nyaya mbili kutoka kwenye transfoma kwenye magurudumu, umeme kidogo kabisa. Tik ikija mara moja kila nukta ikizunguka, tatizo liko kwenye ekseli. Mota inazunguka haraka mno kuliko gurudumu. Kaboni zikiwa mbovu utaona cheche na kusikia harufu, si mpigo wa kuhesabika namna hiyo.

Bandua kifuniko cha plastiki chini ya bogi kwa bisibisi ndogo, ekseli zitatoka zenyewe, bodi (ganda la juu) usiiguse. Shika magurudumu mawili ya ekseli moja, yazungushe kwa kuyapingisha, moja huku jingine kule. Yakiteleza, gia imepasuka. Tumia kioo cha kukuzia, ufa huwa mwembamba kama unywele, kati ya jino na jino.

Msafiri_Tbr:
Mzee shikamoo. Karatasi imesema kweli: bogi ya mbele haina umeme, waya mmoja umeachia kwenye solda, unaning'inia tu. Na kwenye bogi hiyohiyo ekseli moja inateleza, ufa nimeuona. Ila hili la kupanda reli linatoka wapi? Na gundi kali itafaa?

Mzee_wa_Karakana:
Marahaba mwanangu. Ni ufa uleule. Hiyo gia ndiyo inayoshika nusu mbili za ekseli. Ikipasuka inalegea, magurudumu yanaachana. Reli yako ina upana wa milimita 16.5, na mgongo kwa mgongo wa magurudumu, yaani kati ya nyuso zao za ndani, iwe kama milimita 14 na nusu. Yakizidi, ukingo wa gurudumu unagonga pale reli zinapogawanyika na kupanda.

Gundi hapana. Plastiki ya gia hizo haishiki gundi, na hata ikishika, ekseli imeingia kwa nguvu, itapanua ufa tena. Nunua gia mpya, na ubadilishe zote nne, kwa sababu zilizobaki ni za plastiki ileile na umri uleule. Kabla ya kuagiza hesabu meno na upime unene wa ekseli kwa kalipa. Zipo za kampuni nyingine zinazoingia bila shida.

Binti_Ngamiani:
Na ukiwa umefungua, toa ile grisi ya zamani. Ikikaa miaka inakuwa ngumu kama nta. Mpya weka kidogo mno, isifike kwenye vile vibati vya umeme.

Msafiri_Tbr:
Nimeshachomelea waya, sasa kinapita pale reli zinapogawanyika bila kuzima. Tik bado ipo. Gia nimeagiza.

Kaka_Mpole:
Samahani wakuu, hivi seti ya kuanzia ni bei gani?