Wakuu, puli ya krankshafti ni sehemu ya supachaja au siyo? Naombeni ushauri

Kijana wa Igoma (mleta uzi)
Heshima kwenu wakuu. Leo siku ya nne sijalala vizuri. Tupo sita hapa Mwanza, tukakubaliana kushindana mita 200 kwenye lami ya yadi ya mtu binafsi kule Usagara, mwenyewe karidhia. Kila mtu alitoa 300,000, jumla 1,800,000, mshindi anabeba zote. Sheria ya turbo na supachaja (mashine za kusukumia injini hewa) ilikuwa mstari mmoja tu: "Ibaki ya kiwandani, isifunguliwe wala kuchongwa."

Nina Toyota Mark II GX81, injini 1G-GZE, supachaja yake SC14. Nikashinda. Kufungua boneti, jamaa aliyeshika nafasi ya pili akaona puli ya chini ni kubwa, ile ya krankshafti (mhimili mkuu wa injini) inayovuta mkanda wa supachaja. Sasa naitwa mwizi. Supachaja sijaigusa hata boliti moja, nilibadilisha puli ya krankshafti basi. Nimekosea wapi?

Mzee wa Kamanga
Leo mko yadi, kesho mtakuwa Barabara ya Musoma saa nane usiku. Nimemzika mtoto wa dada yangu kwa michezo hii hii. Uza hiyo gari mwanangu.

Kijana wa Igoma
Shikamoo mzee, pole sana. Barabarani hatukimbizani kabisa. Naomba tubaki kwenye puli.

Fundi Pasiansi
SC14 ni supachaja ya Roots: rota mbili ndani zinasukuma hewa, takriban lita 1.4 kwa mzunguko mmoja. Yenyewe haijipangii mwendo, inakwenda vile mkanda unavyoivuta. Ukikuza puli ya chini kwa asilimia 10, rota nazo zinakimbia asilimia 10 zaidi, injini ikiwa kwenye mizunguko ile ile. Spana hukuipeleka kwenye supachaja, sawa, ila umeifikia kwa mkanda. NHRA, chama cha mbio za magari kule Marekani, ndiyo maana hawaishii kutaja aina ya supachaja. Kwenye daraja lao la Pro Mod sheria inataja mpaka supachaja iizidi krankshafti mizunguko kwa asilimia ngapi. Yako umeikuza kiasi gani?

Kijana wa Igoma
Milimita 15, ni kama hiyo hiyo asilimia 10. Lakini mkuu umesema mwenyewe, wao wameandika. Sisi hatukuandika. Kisichoandikwa kimekatazwa na nani?

Sangara Mbichi
Umenikumbusha mbali. Kuna mwaka vijana wa mwaloni wa Kirumba walishindana mitumbwi ya mashine, ikasemwa Yamaha ya nguvu za farasi 9.9 tu. Mmoja akaja na 15 kaivika kofia ya 9.9. Hizo mbili bloku ni moja, kwa macho huzitofautishi. Alituacha mpaka tukawa tunaona mgongo wake tu. Tukamjua jioni alipokwenda kununua kabureta, akaitaja ya 15 mbele ya watu. Ng'ombe wa karamu ilibidi amlipe yeye.

Mwalimu wa Nyamanoro
Mdogo wangu, nina maswali mawili. Huo mstari wa sheria aliuandika nani? Na hela ziko wapi?

Kijana wa Igoma
Dada, hela zipo salama.

Mwalimu wa Nyamanoro
Sijauliza kama zipo salama. Zipo kwa nani?

Kijana wa Igoma
Kwangu. Mimi ndiye mtunza hazina. Na mstari niliuandika mimi, wenzangu ni wavivu wa kuandika, nikatuma kwenye kundi wote wakajibu sawa. Puli nilikuwa nimeshaipeleka kwa mchongaji wiki hiyo hiyo, sikatai, ila hakuna aliyeniuliza. Halafu siku ile wakati narudi nyumbani gasketi ya hedi ikaungua. Nimechomoa kijiti cha oili, kimetoka na rangi ya chai ya maziwa. Hedi imeenda kuskimu, na gasketi na mafuta, 900,000 imekwisha. Nilishinda kihalali, kwa hiyo hela niliyotumia ni yangu.

Mjukuu wa Bugando
Chai umeitaja mwenyewe, na uzi wote huu ni chai. GX81 zote nilizoziona mji huu ni 1G-FE, injini isiyo na supachaja. Leo mtu ana ya supachaja, ana yadi ya lami, ana milioni 1.8, na gasketi inaungua siku ya ushindi. Wakuu mnapigwa kamba.

Sangara Mbichi
Hata mimi nimeanza kushtuka. Na hadithi yangu nzuri nimeimwaga bure?

Fundi Pasiansi
Ngojeni. Kijana, gari ikiwa imesimama inaunguruma taratibu, supachaja inafanya nini?

Kijana wa Igoma
Puli yake inazunguka, rota zimelala. Ina kluchi ya sumaku kama ya kompresa ya AC. Ukikanyaga ndipo inashika, unasikia "tak", halafu inaanza kulia kama nyuki ndani ya debe. Yangu ikiwa ya moto inachelewa kidogo kushika. Hedi ilipokuwa nje nilichungulia kwa tochi, rangi ya rota imebanduka pembeni upana wa ukucha.

Fundi Pasiansi
Gari anayo. Hayo huwezi kuyasema hujaishi nayo. Sasa mjibu dada yako.

Mwalimu wa Nyamanoro
Uliandika sheria ukijua puli iko kwa mchongaji. Ungekuwa wewe ndiye wa pili, ungekubali?

Kijana wa Igoma
...Nisingekubali dada.

Basi Jumamosi naita kikao. Wenzangu watano nawapa hii 900,000 iliyobaki, 180,000 kila mmoja. Itabaki 120,000 kwa kila kichwa, nitaimaliza kidogokidogo. Ila neno mwizi walifute mbele ya wote. Na mbio zirudiwe.

Fundi Pasiansi
Zirudiwe kwa puli ipi?

Kijana wa Igoma
Hii hii mkuu. Ya zamani nilishaiuza kwa wanunua chuma chakavu wa Mabatini.